Analojia na Dijitali: Mwongozo wa Mifumo ya Mawasiliano kwa Mwanafunzi wa Uhandisi wa Umeme

Kabla mitambo ya televisheni ya analojia haijazimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mtu aliyekaa mbali na mnara aliangalia mpira kwenye chenga. Picha ilikuwa mbovu, lakini ilikuwepo. Ukizungusha antena kidogo, chenga zinapungua na jezi zinaanza kutofautiana. King'amuzi cha leo hakina chenga. Picha ni safi kabisa, halafu ghafla inaganda, inakatika miraba miraba, na skrini inakuwa nyeusi.

Hapo ndipo somo zima lilipo. Kipokezi cha analojia kinajaribu kurudisha umbo la wimbi lililotumwa, kwa hiyo kelele yoyote iliyoingia njiani inabaki humo humo. Kipokezi cha dijitali hakina haja na umbo. Kinajiuliza swali moja tu: kati ya alama hizi chache ninazozijua, ni ipi iliyotumwa? Kikichagua sawasawa, kelele yote inatupwa. Kikianza kukosea kuliko misimbo ya kusahihisha makosa inavyoweza kumudu, kila kitu kinaporomoka kwa pamoja.

Vyuo vingi hufundisha mambo haya kwa mihula miwili, analojia kwanza na dijitali baadaye, na mwanafunzi anatoka akidhani ni dunia mbili. Hewani hakuna biti. Kuna wimbi tu, lenye kimo, masafa na fezi (mahali lilipofika katika mzunguko wake), na kelele inayolisumbua. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kwa mstari mmoja, na ukiruka AM (kubebesha sauti kwa kubadilisha kimo cha wimbi) kwa kuiona ya kizamani utakwama kwenye QAM (kubebesha biti kwa kimo na fezi).

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta yenye programu ya hesabu ya Octave, au lugha ya Python na NumPy, inatosha kwa karibu kila kitu. Zote ni za bure. Ukiweza, tafuta kipokezi kidogo cha USB cha aina ya RTL-SDR. Kilibuniwa kwa ajili ya kuangalia televisheni kwenye kompyuta, lakini watu wakagundua kwamba kinatoa sampuli ghafi za mawimbi ya redio, yaani vipimo vya wimbi kwa namba. Chenye tyuna ya R820T kinasikiliza kuanzia karibu 24 MHz hadi 1,766 MHz, kwa biti 8, na sampuli zipatazo milioni 2.4 kwa sekunde bila kupoteza. Kwa mwanafunzi ni maabara ya mfukoni. Kinapokea tu, hakirushi, na hilo ni jema, maana kurusha mawimbi bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano ni kosa la jinai.

Hatua ya 1: Zoea desibeli mpaka zisikutishe

Nguvu inayotoka kwenye mnara na nguvu inayofika kwenye antena yako zinaweza kupishana mara bilioni kumi na zaidi. Ukibeba sifuri zote hizo kwenye kalkuleta utapotea, kwa hiyo tunatumia logi. dBm ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1, kwa hiyo wati 1 ni 30 dBm. Kilowati 1 ni 60 dBm. Kuzidisha nguvu mara mbili ni kuongeza 3 dB, mara kumi ni 10 dB. Mambo mengine yanajengwa juu ya hayo: mara 20 ni 13 dB, mara 500 ni 27 dB.

Kosa linalojirudia kwenye karatasi za mitihani ni kujumlisha dBm na dBm. Nguvu mbili za 30 dBm zikikutana hazitoi 60 dBm, zinatoa 33. Kinachojumlishwa ni dBm na dB, yaani nguvu na badiliko lake. Namba mojawapo iandike ukutani: kelele ya joto kwenye nyuzi 290 za Kelvin ni −174 dBm kwa kila hezi. Tutaihitaji.

Hatua ya 2: AM, na tabia ya kuchora spektra kwanza

Sauti haiwezi kurushwa hewani ilivyo. Antena hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu unaokaribia robo ya urefu wa wimbi, na kwa sauti ya 1 kHz robo hiyo ni kilomita 75. Kwa hiyo tunaibebesha juu ya wimbi lenye masafa makubwa, wimbi bebaji.

Kwenye AM, kimo cha wimbi bebaji kinafuata sauti. Kabla hujaandika mlinganyo wowote, chora mstari wa masafa. Weka mshale katikati kwa wimbi bebaji, tuseme 1,000 kHz. Sauti ina masafa hadi 4.5 kHz. Kizidishi kinainakili sauti hiyo pande zote mbili za mshale, kwa hiyo unapata kanda mbili za pembeni, kutoka 995.5 hadi 1,004.5 kHz. Upana ni 9 kHz. Si bahati kwamba vituo vya masafa ya kati katika Afrika na Ulaya hupangwa kwa hatua za 9 kHz.

Sasa angalia nguvu. Jumla ni nguvu ya wimbi bebaji zidisha (1 + m²/2), ambapo m ni kina cha modulesheni, yaani kiasi ambacho sauti inabadilisha kimo cha wimbi bebaji. Mtambo wa kilowati 10 ukiwa na m = 1 unatoa kilowati 15, na kati ya hizo ni 5 tu zilizobeba sauti. Kwa m = 0.5 jumla ni 11.25, na sauti imepata 1.25, yaani asilimia 11. Kilowati 10 zinachoma dizeli bila kusema neno lolote.

Kwa nini basi dunia ilivumilia ufujaji huo? Kwa sababu kipokezi kinaweza kuwa dayodi moja, kapasita moja na rezista moja. Dayodi inapitisha nusu ya wimbi, kapasita inashikilia kilele, na kinachobaki ni bahasha ya wimbi, yaani sauti yenyewe. Mamilioni ya redio za bei nafuu yalistahili mtambo mmoja wa gharama.

Kuchagua RC, yaani rezista zidisha kapasita, ndiyo sehemu ya kujaribu kwa mikono. Ikiwa fupi mno, kapasita inajimwaga kati ya vilele viwili vya wimbi bebaji na sauti inachafuka. Ikiwa ndefu mno, haiwezi kushuka haraka sauti inaposhuka, na chini ya wimbi panakatwa mshazari. Kwa 1,000 kHz na sauti ya 4.5 kHz, RC iwe kubwa kuliko mikrosekunde 1 na ndogo kuliko 35; kwa m = 0.8 kikomo cha juu kinashuka hadi karibu 26. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 1 zinatoa 10, katikati kabisa. Badilisha kapasita iwe nanofaradi 10 na uangalie oskiloskopu: utaona mshazari huo waziwazi kuliko kitabu chochote kinavyouchora.

Hatua ya 3: FM, hapa tukae

FM inaacha kimo kama kilivyo na kuchezea masafa. Redio za FM ziko kati ya 87.5 na 108 MHz, na wimbi linaruhusiwa kuyumba hadi 75 kHz kila upande. Sauti inafika 15 kHz. Kanuni ya Carson inasema upana ni mara mbili ya jumla ya myumbo na sauti: 2 × (75 + 15) = 180 kHz. Umetumia upana mara ishirini ya AM. Malipo yake ni usafi wa sauti: kelele nyingi huchezea kimo, na kipokezi cha FM kinakata kimo kabla ya kusoma masafa.

Lakini malipo hayo yana sharti. Nguvu ya wimbi ikikaribia kelele, takribani 10 dB juu yake au chini ya hapo, FM inaanza kutoa mipasuko na sauti inaanguka haraka. Hiki ni kizingiti. Kumbuka kwamba FM ni analojia, na bado inaporomoka ghafla. Mtu anayekuambia kuporomoka ghafla ni tabia ya dijitali pekee hajaendesha gari akitoka mjini huku redio ya FM imewashwa.

Stereo nayo ni kazi ya akili. Wahandisi walitaka redio za zamani za spika moja ziendelee kusikika bila kubadilishwa. Wakaweka jumla ya kushoto na kulia kwenye 0 hadi 15 kHz kama kawaida. Tofauti ya kushoto na kulia wakaibebesha juu ya 38 kHz, kwa AM isiyo na wimbi bebaji, ikakaa kati ya 23 na 53 kHz. Ili kipokezi kijue 38 kHz iko wapi hasa, wakatuma mlio mdogo wa 19 kHz ambao kipokezi kinauzidisha mara mbili. Baadaye 57 kHz, mara tatu ya 19, ikapewa data ya RDS, ile inayoandika jina la kituo kwenye redio ya gari. Humo ndani ya kituo kimoja una sauti ya analojia, AM iliyopanda juu ya FM, na biti za dijitali, vyote vinasafiri pamoja.

Haya unaweza kuyaona mwenyewe. Rekodi sampuli za kituo chenye nguvu kwa RTL-SDR, sampuli milioni 2.4 kwa sekunde. Zinakuja kwa jozi, sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, kwa hiyo kila sampuli ina kimo na fezi. Pitisha kwenye filta inayopitisha 100 kHz kila upande, kisha bakiza sampuli moja katika kila kumi. Sasa una 240,000 kwa sekunde. Zidisha kila sampuli na kinyume cha fezi (conjugate) cha sampuli iliyotangulia, halafu chukua pembe ya jibu. Pembe hiyo ni badiliko la fezi, na badiliko la fezi ndilo masafa, na masafa ndiyo sauti. Demodulesheni, yaani kuitoa sauti kwenye wimbi, imekwisha, mstari mmoja wa programu.

Kwa nini 240,000 na si 120,000? Piga hesabu: myumbo wa 75 kHz kwa sampuli 240,000 ni badiliko la radiani 1.96 kwa kila hatua, liko chini ya π. Kwa 120,000 lingekuwa 3.93, limevuka π, na pembe ingejigeuza kuwa hasi. Sauti ingetoka na mipasuko kila mtangazaji anapopaza sauti.

Kabla hujasikiliza, chora spektra ya jibu. Mlio wa 19 kHz utauona umesimama peke yake kama mlingoti. Kisha pitisha sauti kwenye filta ya mikrosekunde 50, kwa sababu mtambo ulikuza sauti nyembamba makusudi kabla ya kurusha (Marekani wanatumia 75), kata kila kilicho juu ya 15 kHz, bakiza moja katika kila tano, na utapata sampuli 48,000 kwa sekunde tayari kwa spika.

Redio ya dukani haifanyi hivi. Inashusha kila kituo kwenye masafa ya kati ya 10.7 MHz kwa kukichanganya na osileta (kitengeneza wimbi) yake ya ndani. Ukitaka 98.0 MHz, osileta inakaa 108.7. Tatizo ni kwamba 119.4 MHz nayo ikichanganywa na 108.7 inatoa 10.7 ile ile. Hayo ni masafa ya ndege. Redio yenye filta duni ya mbele, karibu na uwanja wa ndege, inaweza kukuletea mnong'ono wa mawasiliano ya marubani katikati ya taarabu.

Hatua ya 4: Hesabu ya safari ya wimbi

Mtambo wa FM wa kilowati 1, masafa 100 MHz, msikilizaji yuko kilomita 30. Upotevu katika anga tupu ni 32.44 + 20 log (kilomita) + 20 log (megahezi), yaani 32.44 + 29.54 + 40, sawa na 102 dB. Umeanza na 60 dBm, umefika na −42 dBm kama antena zote mbili hazina ukuzaji.

Kelele: −174 dBm kwa hezi, upana wa 200 kHz ni 53 dB, jumla −121. Ongeza 6 dB za kelele za kipokezi chenyewe, uwe na −115. Wimbi liko 73 dB juu ya kelele. Mbona basi watu wa kilomita 30 wanalalamika? Kwa sababu anga si tupu. Kuna vilima, mviringo wa dunia, nyumba za mabati, na antena ambayo ni waya wa spika za masikioni. Hesabu hii inakupa kikomo cha juu. Kila kizuizi unakitoa kwa desibeli zake, na unaacha akiba. Ukishaijua, mkondo wa simu, satelaiti au king'amuzi unahesabiwa kwa njia ile ile, namba tu zinabadilika.

Hatua ya 5: Kutoka sauti hadi biti

Ili kugeuza wimbi kuwa namba, lipime mara kwa mara. Kasi ya kupima iwe zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo. Simu ya mezani hupitisha sauti ya 300 hadi 3,400 Hz, na hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Mlio wa 5 kHz ukipenya kwenye mfumo huo hautapotea. Utajikunja na kutokea kama 3 kHz, na hakuna filta itakayoutoa tena. Ndiyo sababu filta huwekwa kabla ya kupima. Jaribu kwenye Octave: tengeneza sauti inayopanda kutoka 0 hadi 8 kHz, ipime mara 8,000 kwa sekunde, isikilize. Inapanda, inafika katikati, inaanza kushuka.

Kila kipimo hukadiriwa kwenye ngazi iliyo karibu, na kosa la ukadiriaji ni kelele mpya. Kwa biti n, uwiano wa wimbi na kelele hiyo ni 6.02n + 1.76 dB: biti 8 zinatoa karibu 50 dB, biti 16 zinatoa 98. Hiyo ni kwa wimbi linalojaza ngazi zote. Mtu anayeongea kwa upole anatumia ngazi chache za katikati na anapata kelele nyingi, hivyo simu hupanga ngazi zikaribiane katikati na kuachana pembeni. Kwetu na Ulaya ni sheria ya A. Marekani na Japani wana yao.

Vipimo 8,000 mara biti 8 ni kilobiti 64 kwa sekunde. Mikondo 32 ya namna hiyo ndiyo laini ya E1, megabiti 2.048: mmoja wa kupanga wakati, mmoja wa ishara za kupiga simu, 30 za watu. GSM, mfumo wa simu za mkononi, ikaja na kubana sauti hadi kilobiti 13.

Hatua ya 6: Biti zinapanda tena juu ya wimbi

Sasa tunarudi analojia. Kundi la biti linachagua kimo na fezi ya wimbi bebaji, yaani nukta moja kwenye kundinyota. BPSK ina nukta mbili, biti 1. QPSK nukta nne, biti 2. 64-QAM biti 6, na 256-QAM, iliyomo kwenye kiwango cha DVB-T2 kinachotumiwa na ving'amuzi vyetu vya antena, biti 8. Nukta zikiongezeka kwa nguvu ile ile zinabanana, na kelele ndogo inatosha kuisukuma moja kwenye eneo la jirani. Hii ndiyo sababu nukta jirani hupewa biti zinazotofautiana kwa biti moja tu: ukikosea jirani, umepoteza moja, si nane.

Upana unaohitajika ni kasi ya alama zidisha (1 + α), α ikiwa ulaini wa filta. Laini ya E1 juu ya QPSK ni alama milioni 1.024 kwa sekunde; kwa α = 0.25 unahitaji 1.28 MHz.

Mpaka wa yote uliwekwa na Shannon mwaka 1948: uwezo wa mkondo ni upana zidisha log₂(1 + uwiano wa wimbi na kelele), uwiano ukiwa namba ya kawaida, si desibeli. Mkondo wa simu wa 3,100 Hz wenye 30 dB hauvuki kilobiti 31 kwa sekunde, uwe na modemu ya aina gani.

Hatua ya 7: Kusahihisha makosa kwa mkono

Fanya msimbo wa Hamming mara moja kwa kalamu na hutausahau. Biti zako ni 1011. Ziweke nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi 1, 2 na 4 ni za ukaguzi. Nafasi ya 1 inakagua 3, 5, 7: jumla ni shufwa, weka 0. Ya 2 inakagua 3, 6, 7: witiri, weka 1. Ya 4 inakagua 5, 6, 7: shufwa, weka 0. Unatuma 0110011. Njiani nafasi ya 5 inageuka, kinafika 0110111. Rudia ukaguzi ukijumlisha na biti ya ukaguzi yenyewe: wa 1 unashindwa, wa 2 unapita, wa 4 unashindwa. 1 + 4 = 5. Msimbo umekuonyesha kidole mahali penyewe. DVB-T2 hutumia misimbo mikubwa zaidi, LDPC pamoja na BCH, lakini wazo la kuuliza maswali yanayopishana ni hili hili.

Hatua ya 8: Pima mwenyewe

Tengeneza biti milioni moja za bahati nasibu, geuza 0 kuwa −1, ongeza kelele ya Gauss, amua kwa alama ya kujumlisha au kutoa, hesabu makosa. Mkengeuko wa kelele ni kipeuo cha pili cha 1/(2·Eb/N0), na Eb/N0 (nishati ya kila biti gawanya kwa kelele ya kila hezi) kwanza igeuze kutoka desibeli. Kwa 0 dB utapata makosa karibu 0.079, kwa 4 dB 0.0125, kwa 6 dB 0.0024. Kwa 9.6 dB ni kosa moja katika laki moja, na hapo biti milioni hazitoshi, kwa sababu makosa kumi ni machache mno kuyaamini. Tumia milioni kumi.

Ukipata 0.023 kwenye 6 dB badala ya 0.0024, usianze kufuta programu. Hilo ndilo jibu sahihi la 3 dB: umesahau ile 2 chini ya kipeuo, na kelele yako ni maradufu ya ulivyokusudia.